Matoazi Yasiyokimbiza Mtu

Avenue Mikaratusi,
Kartie Nyakasanza,
Bunia.
Jumatatu, tarehe 11 Machi 2024.

Mpendwa Mjomba Lambert,

Ninakuandikia ili nikuombe unisindikize katika duka la vyombo vya muziki mjini Kampala, tuchague pamoja matoazi ya ngoma kwa ajili ya kundi letu la muziki wa roki. Nimeliweka ombi hili juu kabisa ya barua kwa sababu Mama alinilea akisema kwamba mwenye shida asizunguke nyumba mara mbili kabla ya kubisha hodi. Sasa nimekwisha kubisha. Niruhusu niketi, nikusalimu kama inavyompasa mpwa kumsalimu mjomba wake.

Pokea heshima zangu zote, Mjomba. Je, goti lako linaendeleaje tangu siku ile jeki ilipoteleza chini ya lori? Mkaza mjomba Kahindo amepona homa? Na Bruno, ambaye mara ya mwisho nilimwona akilala mgongoni mwa mama yake siku ya mazishi ya Bibi, bila shaka sasa anakushikia spana pale gereji Jinja na kukuuliza maswali yasiyo na mwisho. Ninawakumbuka wote kila ninapoomba.

Huku sisi tu wazima. Mvua imeanza mapema na Mama amekwisha panda maharagwe nyuma ya nyumba, ingawa mgongo wake ulimwonya asubiri. Dada yako ni yuleyule: akiambiwa apumzike anatafuta jembe. Mji umetulia kwa kadiri tunavyoweza kusema hivyo bila kumjaribu Mungu. Bado tunaona familia zikiingia na mizigo kutoka upande wa Djugu, na kila nyumba ya avenue yetu ina wageni wawili watatu. Lakini shule zinafunguliwa, soko linajaa, na watu wanapaka rangi nyumba zao. Anayepaka rangi nyumba, Mjomba, ni mtu anayetarajia kulala ndani yake.

Kuhusu mimi mwenyewe, ninayo furaha kukuarifu kwamba mwaka jana nilitetea kazi yangu ya mwisho mbele ya majaji na kupewa licence, yaani shahada ya kwanza, ya fizikia, tena kwa heshima. Niliandika juu ya mitetemo ya mabamba ya metali: jinsi bamba linavyotikisika likipigwa, na kwa nini mabamba mawili ya ukubwa mmoja hutoa sauti mbili tofauti. Kwa sasa ninajifunza kazi ya ufundi wa sauti katika redio moja ya hapa. Kazi ni ya kujifunza tu, lakini wananiachia mitambo peke yangu siku nyingine, jambo ambalo kwa msichana wa umri wangu si dogo.

Hadi hapo utaona kwamba sikuokota mambo ya matoazi barabarani. Tuna kundi la vijana wanne linaloitwa Mapambazuko. Mwenzangu mkuu ni Rachidi, mpiga gitaa, ambaye baba yake anauza vipuri vya pikipiki. Mimi ndiye mpiga ngoma. Ndiyo, Mjomba, mimi. Mama alipoambiwa mara ya kwanza alicheka, halafu akauliza kama nitavaa sketi au suruali. Tukaafikiana suruali, na mambo yakaisha.

Ngoma zenyewe tulizipata kwa kwaya moja iliyonunua mpya. Zilikuwa nzuri ila zilitufikia bila matoazi, na bateri, yaani seti ya ngoma, bila matoazi ni kama mboga ya sombe bila chumvi. Katika rumba, ambayo wewe na Mama mliicheza, toazi hunong'ona tu. Linahesabu hatua na kuliachia gitaa lizungumze. Katika roki toazi linasimama mbele, bega kwa bega na gitaa. Gitaa la Rachidi linanguruma, na toazi lazima lipasue katikati ya mngurumo huo, lifungue mlango wa kila kiitikio. Likiwa dhaifu, wimbo wote unakuwa kama mtu anayepiga kelele akiwa amefunikwa blanketi.

Kaka yangu Dany, ambaye unajua ananunua dhahabu Mongbwalu, aliposikia shida yetu alituletea matoazi matatu kama zawadi. Aliyapata kwa wachimbaji fulani waliokuwa na kundi la muziki kabla ya kutawanyika. Alikuwa ameyachagua kama anavyochagua kila kitu maishani: aliyaweka kiganjani, akafumba jicho moja, akayapima uzito. Mepesi aliyaacha, mazito akayachukua.

Nilimwuliza kwa upole kama alijaribu kuyapiga.

"Kupiga ya nini?" akanijibu. "Weye iko na diplome, miye niko na mukono. Kitu ya kweli inakuwa nzito. Ile nyepesi ni kifuniko ya sufuria!"

Katika dhahabu Dany hasemi uongo, Mjomba. Uzito ndio ukweli wake wa kila siku, nao umewasomesha watoto wake. Tena zawadi ya kaka haipimwi mbele ya macho yake. Tuliyapokea kwa shangwe, tukayafunga kwenye vyuma vyao, na Jumatano iliyofuata mchana tukaanza mazoezi uani kwetu.

Toazi kubwa la Dany lilikuwa nene kama sahani ya chuma ya jeshini, na kitovu chake, yaani ile sehemu iliyoinuka katikati, kilikuwa kikubwa kama bakuli. Rachidi alipiga mwanzo wa wimbo, nami nikalipiga toazi kwa nguvu zangu zote, mara nne. Halikusema "shaaa" kama toazi. Lilisema "ngeee", kwa sauti kavu, ndefu, iliyokwenda hadi mwisho wa avenue na kugeuka.

Unaijua sauti hiyo kuliko mimi. Ni sauti ya ile rimu ya gurudumu la lori inayoning'inia kwenye nguzo pale kona, ambayo hupigwa siku ya hatari, na kila mtu wa avenue anajua la kufanya ikilia: mama anafunga mtoto mgongoni, mwenye nguvu anamshika asiye na nguvu, wote wanashuka kuelekea uwanja wa parokia. Rachidi alikuwa hajamaliza hata mstari wa kwanza tulipoona watu wakipita nje ya ua wetu. Mmoja alibeba godoro. Mwingine alibeba sufuria ya ugali iliyokuwa bado inafuka moshi. Jirani yetu Mama Clémence, ambaye nyonga yake humfanya atembee kwa fimbo, alipita akikimbia bila fimbo.

Nilidhani kuna jambo. Mimi mwenyewe, mpiga toazi, nilitupa vijiti na kukimbilia mlangoni kumwita Mama! Tulifika nusu ya njia ndipo Rachidi akasimama katikati ya barabara, gitaa likiwa bado shingoni, akasema, "Falone, ngoja. Ile chuma ni siye."

Sitakuchosha na aibu ya alasiri ile. Watu walirudi mmoja mmoja, wengine wakicheka kwa sababu hakuna kingine cha kufanya, wengine hawakucheka hata kidogo. Mama Clémence alikataa kuondoka uwanjani hadi jioni. Miguu yake, baada ya kufanya muujiza, ilidai mapumziko. Wageni wa nyumba ya tatu, waliotoroka Djugu wiki chache kabla, walikuwa wamekwisha kufunga vitu vyao vyote tena, na mama wa familia ile alivifungua polepole bila kututazama.

Kisha alikuja Mzee Nicolas, shefu wa avenue. Utamkumbuka: wakati wako alikuwa kinyozi. Alisimama mbele ya ngoma zangu akiwa ameshika kofia.

"Weye Falone," alisema, "masomo yote ile ni ya kukimbizia mama zetu?"

"Tusamehe, Shefu. Ni muziki," Rachidi akamjibu.

"Muziki gani inavaa nguo ya hatari? Mutoto, sikia. Leo walikimbia bure, sawa, Mungu iko. Lakini kesho watazoea. Watasema: ni Falone, mutoto wa Félicité, anapiga mambo yake. Na siku ile chuma italia ya kweli, watabaki mu nyumba."

Mjomba, nimesikiliza wahadhiri wengi, lakini sentensi hiyo ndiyo iliyonilaza macho wazi. Niliona mara moja kwamba haikuwa habari ya kelele. Kelele inaombewa msamaha. Toazi letu lilikuwa linakopa sauti ambayo si mali yetu, sauti inayowaokoa watu, na kila pigo lingeipunguzia nguvu. Shefu alipiga marufuku matoazi yote, na akasema kwamba bila neno lake hatutapewa ruhusa ya kucheza kwenye sikukuu ya muziki tarehe 21 Juni, ambako jina letu limekwisha kuandikwa. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye, ningefanya vivyo hivyo.

Hata hivyo sikukubali kwamba hadithi imeisha. Nilikwenda kwake siku mbili baadaye, nikiwa nimevaa vizuri, nikamweleza kwamba matoazi hayafanani, na kwamba fizikia inaweza kututafutia toazi lenye nguvu ya roki lakini lisilo na sauti ya rimu. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema fizikia yangu haikimbii na mtoto mgongoni, kwa hiyo wenye kuamua ni wanaokimbia. Nikamwomba basi tuwaite hao hao wanaokimbia. Akakubali.

Jumamosi iliyopita, siku moja baada ya sikukuu ya wanawake, mama wa avenue walikuja na vitenge vyao vipya vya jana, wakiwa bado na furaha ya maandamano. Niliwapanga kwenye viti, migongo yao kwetu, nyuso zao kwenye ukuta wa jiko la Mama Clémence. Nilikuwa nimeazima matoazi kwa kwaya tatu na kwa wanamuziki wa baa moja. Sheria ilikuwa rahisi: ninapiga bila kusema ninapiga lipi, na yule ambaye moyo wake utasimama, ainue mkono. Shefu alitazama mikono.

"Na kama ni tumbo ndiyo inasimama?" mmoja akauliza.

"Weye inua mukono," Mama Clémence akamwambia. "Tumbo yako itajieleza kwa Shefu."

Nilianza na toazi la Dany. Mikono yote iliinuka, na Mama Clémence hakuinua mkono tu, alisimama. Kisha nikapiga yale mawili yanayokutana kwa kukanyagwa na mguu. Hakuna mkono. Mmoja akasema, "Hii ni mutu anafagia asubuhi," na wengine wakaitika. Nikapiga toazi la mwendo, lile pana linalohesabu hatua: pigo la pembeni lilipita salama, lakini nilipogusa kitovu, mikono miwili ilipanda. Nikajifunza kwamba kitovu kikubwa ni ndugu wa kengele, na kwamba tukichukua toazi la aina hiyo, liwe na kitovu kidogo, nami nikizuie kijiti changu kisikiguse.

Mwisho nilipiga toazi la kwaya moja, pana, inchi kumi na nane, jembamba, la bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Lilifunguka kama mlango wa tanuri, likajaza ua mzima, halafu likaondoka upesi kabla hujalifuata. Hakuna mkono hata mmoja. Nikapiga tena, kwa nguvu zaidi, kama tunavyopiga kwenye kiitikio. Hakuna.

"Mama Clémence," Shefu akauliza, "umelala?"

"Silali. Hii inakaanga samaki. Samaki ya Kasenyi, mu mafuta mingi. Endelea, mutoto, nimesikia njaa."

Walicheka sana, Mjomba, hata yule mama wa Djugu. Nami nilifurahi kwa namna ambayo hata siku ya diplome sikufurahi.

Lakini toazi hilo si letu, wala haliuzwi, na ukingoni lina ufa ambao kwaya inauvumilia kwa kulipiga taratibu. Nikilichukua kwenye roki litapasuka kama chapati ya juzi. Hapo ndipo penye ugumu wa kuchagua. Toazi jembamba hujibu haraka na hunyamaza haraka, na hilo ndilo avenue inalotaka. Lakini wembamba ukizidi halistahimili mkono wangu, tena linazama chini ya gitaa la Rachidi. Toazi nene linastahimili na linasikika mbali, lakini unene huo ndio unaoleta "ngeee". Tunalotafuta liko katikati: pana ili liwe na nguvu, jembamba kiasi ili liwe na pumzi fupi, kitovu kidogo, na la bronzi, si la shaba na zinki kama yale yanayong'aa sokoni kwetu, ambayo hulia kama sahani iliyoanguka. Katikati hiyo haiko kwenye vitabu. Matoazi mawili ya kiwanda kimoja, yenye ukubwa mmoja, hayalii sawa. Ndiyo maana hatuwezi kuagiza, tunapaswa kuyasikia.

Rachidi alimpata kwa simu mwenye duka moja la Kampala, mtu mwema, akaturekodia matoazi yake na kututumia sauti. Tukasikiliza kwa makini. Simu inazikamua sauti hadi zote zinakuwa mvua juu ya mabati. Kwa hiyo nimeamua kwenda mwenyewe. Fedha za matoazi na za safari zimekwisha kupatikana, sehemu kubwa kwa Dany, ambaye anasema ni faini yake kwa kuinunulia avenue kengele. Tafadhali usidhani kwamba barua hii ina mkono mwingine uliofichwa nyuma ya mgongo.

Sasa utauliza kwa nini wewe. Nami nilikuwa sijui, hadi Jumamosi hiyohiyo, mama walipokwisha kuondoka.

Nilimwambia Shefu kwamba sina imani na masikio yangu mwenyewe. Nilikuwa mtoto mchanga mwaka ule wa vita, rimu ilipolia ya kweli. Rimu naijua kwa kuambiwa, na tena ninayapenda matoazi kupita kiasi. Mwenye kupenda si shahidi. Mama Clémence hawezi kusafiri. Nani basi atasimama dukani na kunionya?

"Iko mutu," Shefu alisema. "Iko mujomba yako."

"Mjomba yupi?"

"Lambert. Ile chuma ya pale kona ni ya lori yake. Yeye ndiye aliichagua. Akikubali sauti, miye nasaini."

Nilimgeukia Mama. Alikuwa akikusanya viti, akaendelea kuvikusanya. Jioni, tulipokuwa tunachambua maharagwe, alinisimulia bila mimi kumwuliza. Alisema lori lako lilikuwa limekufa kwenye njia ya Mongbwalu na ulikuwa umelivuta hadi hapa. Alisema ulining'iniza rimu tatu, moja baada ya nyingine, ukampa kila jirani mahali pa kusimama, wengine hadi bondeni, ukapiga na kuwauliza. Ya kwanza ilikuwa bubu. Ya pili ilikuwa na sauti tamu, watu wakaipenda, lakini wewe ukaikataa. Ulisema inafanana na kengele ya kanisa, na kengele huita watu wakusanyike, wakati wewe ulitaka waondoke. Ya tatu ndiyo iliyobaki.

Mjomba, niliacha maharagwe. Nilichokuwa nimekifanya uani, nikijiona wa kwanza, ulikuwa umekifanya kabla sijajua kutembea, tena kwa jambo lililo kubwa kuliko wimbo. Katika familia hii mimi si wa kwanza kuchagua metali kwa sikio.

Mama alisema pia jambo la pili, nami sitalificha. Alisema: "Usimwandikie. Kaka yangu alipiga ile chuma mpaka mukono ikavimba, halafu akakwenda zake. Hataki tena kusikia chuma." Nikatii. Jana baada ya misa alikuja chumbani kwangu, akaketi kitandani, akasema: "Andika. Lakini andika vizuri."

Ninajitahidi, kama unavyoona.

Ninachokuomba hakihitaji maneno mengi. Hutapiga chochote, wala hutasimulia chochote usichotaka kusimulia. Utasimama karibu na mlango wa duka, mgongo wako kwangu, uso barabarani, ukitazama magari. Mimi nitapiga. Lile ambalo mkono wako utainuka kwa ajili yake tutaliweka kando, hata kama nimelipenda. Lile litakalokuacha umetulia, hilo ndilo nitakalolileta Bunia, na Shefu atajua kwamba aliyeichagua sauti ya hatari ndiye pia aliyeichagua sauti ya sherehe, na kwamba hazitachanganyika. Rimu itabaki pale pale kwenye nguzo yake. Hatutaigusa wala hatutaiiga.

Ikiwa moyo wako utakataa, nitauelewa, na heshima yangu kwako haitapungua hata kidogo. Mwambie tu mleta barua, nami nitajitahidi peke yangu. Barua hii inasafiri mkononi mwa Mama Alliance, muuza vitenge, ambaye atakaa Jinja usiku mmoja kabla ya kurudi. Sikutaka kukuomba jambo la namna hii kwa simu. Simu inamlazimisha mtu kujibu kabla hajafikiri.

Ukikubali, matunda yake sitayala peke yangu. Baada ya sikukuu ya muziki ninakusudia kugeuza stoo ya nyuma kuwa chumba cha mazoezi na cha kurekodia, chenye kuta zilizojazwa magunia ya kahawa na magodoro ya zamani, ili vijana wa Nyakasanza wapige roki au nyimbo za kwaya bila kumwamsha mtu. Hakipo chumba kama hicho kwa vijana wa kartie yetu. Nimekwisha kuchora ramani yake, na Rachidi ananicheka kwamba mlango nimeuchora kabla ya nyumba.

Mama anakusalimu na kusema kwamba anakutumia unga wa muhogo, nami ndiye nitakayeubeba. Dany anakusalimu kutoka Mongbwalu. Shefu Nicolas anasema nywele zako zilikuwa rahisi kunyoa kuliko za watu wote wa avenue, sijui kama ni sifa. Msalimie sana Mkaza mjomba Kahindo, na Bruno umwambie kwamba ninamletea vijiti vya ngoma, kwa hiyo uanze kuficha masufuria.

Mama Clémence amenituma maneno yake, nayo ninayaandika kama alivyoyasema: "Ambia Lambert, muguu inayoniuma leo ni ile ilikimbia wakati aliniita. Siilalamikii."

Mungu ailinde mikono yako kazini na usingizi wako usiku, akufungulie njia kila unapotoka, na kila anayegonga mlango wako awe ameleta habari njema.

Nitavuka ziwa kutoka Kasenyi siku ya Alhamisi, nitalala Kampala Ijumaa kwa shangazi yake Rachidi, na tukimaliza dukani tutapanda gari pamoja hadi kwako Jinja, nikuangukie miguuni mbele ya watoto wako kama inavyostahili. Duka liko chini ya jengo la ghorofa tatu lenye rangi ya kijani, kwenye barabara inayoshuka kutoka kituo cha mabasi. Mama Alliance atakuelekeza. Saa yangu nitaisogeza mbele tukifika ng'ambo, ili nisikucheleweshe kwa saa nzima ya Bunia. Nitakuwa nimesimama mlangoni, nikikungoja, Jumamosi tarehe 6 Aprili, saa nne kamili asubuhi.

Mimi mpwa wako, mwenye kukupenda na kukuheshimu,

Falone